NDOO 25 ZA MAJI KWA AJILI YA UKOKA

Katika jiji la Dar es Salaam kuna dalili moja ambayo kwayo watu wengi huipima hadhi ya nyumba, nayo ni uwanja wa majani. Mfanyakazi aliyejinyima miaka kumi au kumi na mitano hata akafaulu kumaliza kujenga huko Goba, Kibada au Mbezi, aghalabu kazi yake ya mwisho kabla ya kuwaalika ndugu na jamaa ni kung'oa kila kichaka kilichokuwa kwenye kiwanja, kusawazisha udongo na kupanda ukoka. Ukoka ukishashika, hutafutwa kijana wa kuumwagilia na kuukata. Ufikapo mwezi wa Februari, majirani wakiwa na vumbi naye akiwa na zulia la kijani mbele ya baraza, mwenye nyumba hujiona amefika.

Makala haya hayakusudii kumkebehi mtu huyo, kwani jasho lake ni la halali na uwanja ni wake. Yanakusudia kumwomba afanye hesabu pamoja nasi: uwanja ule unagharimu nini, nani mwingine anausaidia kuulipia bila kujua, na ni kitu gani kingeweza kusimama mahali pake.

HESABU YA MAJI

Tuchukue uwanja wa kiasi tu, wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 10, yaani mita za mraba 100. Katika miezi ya jua kali, ukoka uliopandwa juu ya mchanga wa pwani hupoteza maji yapatayo milimita 5 kwa siku, mengine yakinyonywa na jua kutoka ardhini na mengine yakitoka kwenye majani yenyewe kama mvuke. Milimita 5 juu ya mita moja ya mraba ni lita 5. Kwa uwanja mzima ni lita 500, ambazo ni ndoo 25 za lita 20. Mvua isiponyesha, anayetaka uwanja wake ubaki wa kijani hana budi kuzirudisha ndoo hizo ardhini, kila siku inayopita. Kwa juma moja ni lita 3,500.

Sasa tuweke mahali pale pale miche kumi ya miti ya pwani, na kila mche tuupe ndoo moja mara mbili kwa juma. Jumla yake ni lita 400. Tena maji hayo ni ya kiangazi cha mwaka wa kwanza na cha pili tu. Mti wa pwani ukishapeleka mizizi yake chini hujitafutia wenyewe, kwa sababu umezoea tangu asili kupokea masika ya Machi hadi Mei, kungoja, kupokea vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kungoja tena. Ukoka nao huvumilia kiangazi, lakini kwa kukauka na kugeuka rangi ya mkeka, jambo ambalo mwenye uwanja hataki kuliona.

Ndoo hizo zinatoka wapi? Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka mto Ruvu, unaoteremka kutoka milima ya Uluguru, na huletwa mjini kutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwaka 2022 mvua zilipokuwa chache, mto ulipungua hata ikabidi mwezi wa Oktoba maji yaanze kutolewa kwa mgawo. Kwa maandishi mgawo ni wa wote. Kwa vitendo, mwenye tangi la lita 5,000 nyuma ya nyumba hujaza siku ya zamu yake na kuendelea na maisha, na mama wa familia anayeishi katika chumba cha kupanga Tandale au Buguruni hununua maji kwa ndoo kutoka kwa mwenye mkokoteni, kwa bei anayoamua mwenye mkokoteni. Wote wawili wanategemea mto mmoja. Hii ndiyo sababu jambo la ukoka wa Mikocheni linamhusu pia msomaji ambaye hana hata kibaraza cha kuweka kopo la maua.

Wapo watakaojibu kwamba wao hawatumii maji ya bomba, wana visima. Ni kweli kwamba baada ya ukame wa 1997 visima vingi mno vilichimbwa jijini. Lakini kisima nacho hakina maji ya bure. Sehemu zilizo karibu na pwani, maji matamu yakivutwa kwa wingi kuliko yanavyorudishwa na mvua, maji ya chumvi ya bahari huingia kuchukua nafasi yake. Maji ya visima kadhaa vya ukanda wa pwani ya jiji yamekwisha kuwa ya chumvi. Mtu anaweza kumwagilia ukoka wake mpaka akaharibu kisima cha jirani, na asijue kabisa kwamba ni yeye.

DESTURI ILITOKA WAPI

Ukoka wenyewe si mgeni. Unamea kandokando ya njia zetu, ng'ombe na sungura wanaupenda, na hakuna haja ya kuuonea chuki. Kilicho kigeni ni desturi ya kuuotesha peke yake, kuukata ufanane na zulia na kuuzuia usifuate majira ya mwaka. Desturi hiyo ilizaliwa katika nchi za baridi kama Uingereza, ambako manyunyu huanguka karibu kila mwezi na ambako mbingu ndiyo inayomwagilia majani.

Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji huu katika kanda tatu za ujenzi, ambazo wenyeji walizipa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni viwanja vilikuwa vikubwa, nyumba ilikaa katikati, na nafasi yote iliyoizunguka ilikuwa bustani. Oysterbay ilipimwa kwa mtindo huo kabla ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya Uhuru mwaka 1961 nyumba nyingi za huko zilikaliwa na wakubwa wetu wa serikali, na pamoja na funguo za nyumba walirithi ukoka. Tangu hapo picha ya nyumba ya mtu mwenye cheo ikabaki ile ile. Tuliondoa mengi ya Uzunguni; zulia la majani tulilisahau, au pengine tulilipenda.

Kulikuwa pia na sababu ya pili, nayo ni ya heshima zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha wananchi, pamoja na mambo mengine mengi mema, kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba ili kupambana na malaria. Mamilioni ya watu waliitikia. Wazazi wetu walijifunza kwamba uwanja mweupe ni uwanja wenye afya, na mpaka leo mtoto wa kike hupewa fagio alfajiri kabla hajapewa chai. Kwa hiyo mtu akisema apande miti na vichaka mbele ya dirisha, jambo la kwanza atakaloulizwa na mama mkwe wake ni mbu, na la pili ni nyoka.

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Mbu wa malaria hutaga mayai majini, na viluwiluwi vyake huishi majini mpaka vinapokuwa mbu. Hawazaliwi na majani. Mbu mkubwa hupenda kupumzika kwenye kivuli na unyevu wakati wa mchana, na kwa sababu hiyo si busara kuacha kichaka kinene kikigusa dirisha. Lakini atakayeacha dimbwi chini ya bomba la kumwagilia ukoka amewajengea mbu nyumba bora kuliko aliyepanda miti kumi isiyohitaji bomba. Ama nyoka, yeye hufuata panya na mahali pa kujificha. Rundo la matofali yaliyobaki baada ya ujenzi, mbao zilizolundikwa na takataka za jikoni humwita kuliko shina la mti lililo safi. Dawa ni kuacha ukanda wa mita mbili au tatu kuizunguka nyumba ubaki wazi, ufagiliwe kama kawaida, na miti ianze baada ya hapo. Hivyo fagio la alfajiri halipotezi kazi yake.

MITI YENYEWE

Hapa ndipo penye utamu wa jambo hili, na ndipo penye hasara pia. Mtoto wa mjini ukimwuliza ataje miti mitano, atasema mwembe, mnazi, mwarobaini, mkrismasi na labda mkungu. Mwembe na mwarobaini asili yake ni Asia ya Kusini, mkrismasi ulitoka Bukini, mkungu ni wa Asia, na mnazi uliletwa na bahari pamoja na mabaharia. Mkorosho, ambao wengi wangeuapia kuwa ni wa Mtwara, ulitoka Brazil. Hakuna sababu ya kuikata miti hiyo. Mwembe unaozaa ni mali ya familia, na mtu akikushauri uuondoe kwa kuwa babu yake alitoka India, mpe embe moja ale anyamaze. Linalosikitisha ni kwamba majina ya miti iliyokuwa hapa kabla yake yanatoweka vinywani, na miti yenyewe inatoweka ardhini.

Uko msandarusi, ambao utomvu wake, sandarusi, ulichimbwa katika ardhi ya mrima huu ukiwa umekwisha kuwa mgumu kama kioo, na katika karne ya 19 ulipelekwa kwa majahazi na meli mpaka Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi ya samani. Uko mkongo, ambao watu wa pwani huuita pia mbambakofi, wenye mbao za milango na mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo watoto huzichezea. Uko mfudu, unaozaa matunda madogo meusi, matamu, yanayoacha ulimi umebadilika rangi. Mkwaju kila mtu anaujua kwa juisi yake, lakini ni wangapi wameupanda? Mkole, ambao Wazaramo wenye mji huu waliupa mahali maalumu katika unyago wa mabinti zao, ni mti mdogo unaotosha kabisa katika kiwanja cha mfanyakazi. Na uko mkilua. Huu ni kichaka cha misitu ya pwani chenye ua linalonukia, ambalo kina mama wa pwani wamelitumia tangu zamani kwa kujifukiza na kujipamba. Wataalamu wa mimea walipoupa jina la Kilatini hawakupata jina bora kuliko la Kiswahili, wakaliandika vivyo hivyo: Mkilua. Ni ajabu kwamba mti ambao jina lake la Kiswahili linasomwa katika vyuo vikuu vya dunia haupatikani katika bustani moja kati ya mia za jiji hili.

Mwenye ukuta au ua wa seng'enge anaweza kuuacha mbungo uupande. Ni mtambaa wenye nguvu, na mabungo yake hutoa kinywaji ambacho Wazanzibari hawahitaji kufundishwa. Mpingo ni mgumu, unavumilia ukame, na mtu akiupanda leo watakaoona mbao zake ni vitukuu, kwani huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Lakini kivuli chake chepesi na ndege wake havingoji muda wote huo.

Si kila mti wa kwetu unafaa kila kiwanja. Mvule ni mfalme, lakini mfalme huhitaji nafasi, na kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 atakufukuza wewe. Mkuyu ni neema kwa ndege na popo, ila mizizi yake hutafuta maji kwa ukali. Ukiupanda karibu na shimo la maji machafu au msingi wa nyumba, utakuja kuulaumu mti kwa kosa la mpandaji. Miti hii miwili afadhali ipandwe kwenye viwanja vya shule, misikiti, makanisa na ofisi za mitaa, ambako nafasi ipo na kivuli kitawafaa wengi. Mkongo na msandarusi navyo ni mikubwa. Kiwanja cha kawaida kitabeba mmoja tu, tena mbali na nyumba. Mfudu, mkole na mkilua ndivyo vya mfanyakazi wa kawaida.

JUA NA UPEPO

Watu wengi hupanda mti mahali ulipopendeza macho siku ile ya kupanda. Afadhali kwanza kutazama jua na upepo. Katika nyumba za jiji hili ukuta unaoteswa zaidi ni wa magharibi, ambao hupigwa na jua kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi, ukahifadhi joto hilo na kulitoa chumbani usiku watoto wanapojaribu kulala. Mti mmoja wa majani mengi upande huo hukinga ukuta usipate joto hilo tangu mwanzo, na mvuke wa majani yake hupoza hewa. Kivuli hakihitaji umeme.

Kinyume chake, upande wa kaskazini-mashariki usizibwe. Katika miezi ya joto kuu, kati ya Novemba na Februari, upepo unaotuokoa ni kaskazi, nao huingia kwa upande huo. Hapo panafaa vichaka vifupi, au palepale pabakie kipande cha ukoka cha watoto kuchezea mpira. Ndiyo, kipande kibakie. Mtoto hachezi mpira juu ya mizizi, na mwandishi huyu haoni sababu ya kugeuza kila kiwanja kuwa msitu wa Pugu. Uwanja wa mita 4 kwa 5 unahitaji ndoo 5 badala ya 25, na ndoo hizo zinaweza kuwa za maji yaliyokwisha kufulia au kusuuzia vyombo, mradi hayana dawa kali.

Jambo moja ni lazima lisemwe kwa ukali zaidi kuliko ukoka. Siku hizi wengi wanaochoka na gharama za majani huamua kuziba uwanja mzima kwa vitofali vya saruji, au kutandaza nyasi za plastiki. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Saruji huchemka mchana kutwa, na mvua inyeshapo haipiti. Hukimbilia barabarani, kutoka barabarani huenda bondeni, na bondeni kuna watu. Wakazi wa bonde la Msimbazi waliopoteza nyumba na ndugu katika mafuriko ya Desemba 2011 hawakuwa na kosa lolote la saruji ya watu wa juu. Ukoka, pamoja na kiu yake yote, angalau hunywa mvua. Ardhi yenye miti na majani yaliyoanguka hunywa zaidi.

KAZI YA MIKONO

Ukoka haukubali kuondoka kwa kufyekwa. Una vishina vinavyotambaa juu ya ardhi na vingine chini yake, na kipande cha urefu wa kidole kikisalia kitarudi. Njia ya jembe ni kuchimbua, kukusanya vishina vyote na kuvianika juani mpaka vife. Njia ya mvivu, ambayo si mbaya hata kidogo, ni kufunika eneo lote kwa maboksi ya karatasi ngumu yaliyotanguliwa kulowanishwa, na juu yake kumwaga majani makavu kwa unene wa kiganja, kisha kuacha kwa miezi mitatu au minne. Ukoka usipoona jua hudhoofika na kufa. Chochote kitakachofanywa, kila mche uwe na duara la mita moja lisilo na ukoka, kwa kuwa majani hayo huuwahi mche kwa maji na chakula, na miche mingi inayosemekana kuwa imekataa udongo kwa hakika imenyang'anywa.

Majani yanayoanguka kutoka kwenye miti yasichomwe. Yakusanywe chini ya miche yawe matandazo: huzuia jua lisinyonye unyevu, na yakioza huwa mbolea. Mwezi mmoja wa moshi wa takataka za uwanjani, ambao mtaa mzima huuvuta kila Jumamosi, ungetosha kuwa mbolea ya bustani nzima.

Paa nalo lina mchango wake. Dar es Salaam hupata kwa wastani mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la bati la mita za mraba 100 hupokea basi zaidi ya lita 100,000, ambazo karibu zote humwagika ukutani na kuchimba msingi. Mwenye uwezo wa tangi na aweke. Asiye na uwezo achimbe mfereji mfupi kutoka penye mchirizi mpaka kwenye mashimo ya miti, na ardhi yenyewe itakuwa tangi.

Miche ndiyo shida. Vitalu vingi vya kando ya barabara huuza kinachonunuliwa, yaani mauaua ya kigeni na miashoki iliyonyooka kama nguzo. Lakini wenye vitalu ni wafanyabiashara, na wakiulizwa mfudu na watu kumi katika mwezi mmoja wataotesha mfudu. Mbegu za miti mingi ya asili hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, na kituo chake cha mbegu kiko Morogoro. Kuingia Pugu au Kazimzumbwi na kung'oa miche ni kosa la kisheria, na pia ni kuiba kutoka kwenye kibanda cha mwisho cha mimea ambayo baadhi yake haioti mahali pengine popote duniani. Mwenye ndugu vijijini Kisarawe au Mkuranga anaweza kumwomba mbegu za mkwaju au za mkongo. Mbegu ya mkongo ina ganda gumu, hivyo ikwaruzwe kidogo upande usio na kofia na kulowekwa usiku mmoja kabla ya kupandwa.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, katikati ya masika, nayo imechaguliwa vyema kwa watu wa pwani. Mashimo yachimbwe Februari, ya sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu ukiwekwa kando ya ule wa chini. Mboji au samadi iliyooza ichanganywe na udongo wa juu mapema. Mche uingizwe baada ya mvua kubwa mbili au tatu, kiriba kikichanwa na kuondolewa chote, na kijiti cha kuuegemezea kikae upande unaotoka kusi, maana upepo huo huanza kuvuma mwezi huo huo wa Aprili.